Koti la Kompyuta

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kushona kola ya suti alikuwa anajifunza kwenye video. Mwenye suti anakuja saa kumi, na kompyuta inajizima kila video ikifika dakika ya tatu, kola haijageuzwa! Nikajaribu programu nyingine ya video, wapi. Nikagusa boksi la kompyuta: moto kama pasi! Kumbe shangazi alilishonea koti zito la kuzuia vumbi, likaziba hadi matundu ya feni.

"Shangazi, linakosa hewa. Livue koti."

"Nyuzi zote hizi ziingie ndani? Thubutu!"

Akachukua mkasi, akatoboa koti penye matundu, akapinda na ukingo. Video ikacheza mpaka mwisho. Saa tisa na nusu kola ikawa imekaa, imenyooka kabisa.