Dumu Lenye Kikoti Chekundu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Jua bado liko nyuma ya ukuta wa jirani. Mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Ngurumo amechutama uani, mbali na jiko, mbele ya madumu mawili ya plastiki. Anachovya kijiti katika dumu la kwanza na kudondosha tone moja kwenye kitambaa cheupe. Anachovya kijiti kingine katika dumu la pili, tone la pili. Kisha anakibana kitambaa kwenye kamba ya nguo na kukaa kungoja, mikono magotini, kama mtu aliyebandika maziwa yachemke.

Dumu moja limevaa kikoti chekundu chenye vifungo vitatu. La pili liko uchi.

"Kikoti kashona mzee wangu," anasema, akimwonesha kwa kidevu mumewe, fundi cherehani, anayepiga mswaki mlangoni. "Kapima kabisa, na mabega."

"Dumu halina mabega," mumewe anajibu na povu lake mdomoni. "Ndiyo maana lilinisumbua."

Ngurumo ni mkata nyasi. Ana mashine ya kubeba begani, ile yenye mpini mrefu na uzi unaozunguka chini, na kwa mashine hiyo hufyeka uwanja wa shule, ua wa ofisi ya maji na, kubwa kuliko zote, bustani ya zahanati. Jina lake limetokana na mlio. Watoto wakiusikia huacha uji wakatoka mbio kumpungia mkono.

Injini ya mashine hiyo ni ya mipigo miwili. Haina tumbo la kuwekea oili peke yake kama gari, kwa hiyo oili huchanganywa humo humo ndani ya petroli: lita tano za petroli, mililita mia za oili. Ukitia petroli tupu, chuma husuguana na chuma hadi injini inanoki na kufa. Ukizidisha oili, inafuka moshi kama tanuri la matofali.

Na Ngurumo hanusi. Miaka mitatu iliyopita alishikwa na mafua mabaya. "Mafua yakaenda zake," anasema, "yakaondoka na pua. Hii iliyobaki ni ya kushikia miwani tu."

Wiki chache baada ya hapo alijaza petroli tupu gizani bila kujua. "Mashine ikalia vizuri! Nikasema leo ina furaha. Kumbe inaniaga. Ikafanya kwii, kimya." Alifyeka kwa fyekeo la mkono miezi saba, viganja vikitoka malengelenge, ndipo akapata mashine nyingine. Tangu siku hiyo mumewe ndiye aliyechanganya, kila jioni, akipima oili kwa uangalifu uleule anaopimia kiuno cha bi harusi. Dumu lililochanganywa alilifunga utepe mwekundu, la petroli tupu utepe mweupe.

Mambo yakaenda sawasawa mpaka mwaka huu, moshi ulipoingia wodi ya wazazi.

Muuguzi mkuu wa zahanati, mwanamke mpole asiyependa kurudia neno, alimwita dirishani. "Mama, watoto wangu wanazaliwa leo leo, wewe unawakaribisha kwa moshi? Wiki ijayo nikiuona tena, nitatafuta watu wa mafyekeo."

Ngurumo na mumewe wakaenda dukani pamoja. Muuza vipuri aliwapangia chupa tatu kwenye kaunta. Ya kwanza ilikuwa oili ya magari. "Hiyo msiiguse," akasema. "Nzito, haiungui vizuri, itawaachia masizi kwenye plagi." Ya pili ni ya injini za boti, zinazopozwa na maji. "Yako, mama, inapozwa na upepo. Inachemka kuliko hiyo." Ya tatu ndiyo ilikuwa ya mashine za mkononi, misumeno na vifyekeo, na imetengenezwa isitoe moshi mwingi.

"Mbona haina rangi?" Ngurumo akauliza. Oili yake ya zamani ilikuwa nyekundu kama sharubati, ukiimimina unaiona.

"Rangi ni mapambo tu, mama. Unakata nyasi au unakwenda harusini?"

Wakanunua kichupa kimoja, cha kutosha dumu moja. Petroli wakaichukua kwenye kituo chenye foleni, maana pasipo na wateja petroli hulala tangini ikachacha. Usiku ule fundi akachanganya, akafunga tepe zake, na alfajiri akaondoka na dada yake, aliyekuwa amelala kwao, kwenda kumtazama mama yao mgonjwa.

Asubuhi Ngurumo akatoka uani na mashine begani. Madumu yapo. Tepe hazipo.

Akapiga simu. Aliyepokea ni wifi yake.

"Wifi, umeona tepe zozote hapa uani?"

"Zile mbili nzuri? Nimefungia mzigo wangu, wifi yangu! Mkubwa kwa nyekundu, mdogo kwa nyeupe. Mbona, ulikuwa unazitaka?"

Nyuma ya simu Ngurumo akamsikia mumewe akisema, "Mungu wangu," halafu, "Mama watoto, usiwashe kitu. Nusa... ah."

"Eeh," akamjibu. "Ah."

Akabaki na madumu mawili yanayofanana kama mapacha, vimiminika viwili vya rangi ya chai nyepesi, na pua ya kushikia miwani. Akikosea dumu, mashine inakufa. Akiongeza oili ya zamani kwa hofu, huenda anaiongeza penye nyingine, na moshi utaingia wodini. Duka lilikuwa halijafunguliwa, na zahanati ilimtaka amalize kabla kina mama wa kliniki hawajajaa.

"Nikakaa hapa hapa chini," anasema. "Nikataka kulia. Nikaona nisilie bure, kwanza nimtukane wifi kidogo."

Alipokuwa katika kumtukana, macho yakaangukia kapu la vipande vya vitambaa vya mumewe. Akakumbuka ugomvi wao wa kila mwezi. Cherehani ikidondosha oili kwenye nguo ya mteja, fundi huchovya pamba katika petroli ya mkewe na kusugua. Doa la oili hutoka, na petroli yenyewe hukauka bila kuacha alama. Ngurumo humgombeza kwa wizi huo tangu waoane.

"Nikasema, ngoja. Petroli hukimbia. Oili hukaa."

Akadondosha matone mawili kwenye kitambaa cheupe, akaanika. Moja likakauka, kitambaa kikawa kama hakijaguswa. La pili likaacha duara la mafuta, ukilitazama juani linapitisha mwanga. Akalipapasa: linateleza.

Akajaza kutoka dumu la pili, akaenda zahanati. Muuguzi mkuu alisimama dirishani, mikono kifuani, akiungoja moshi. Kisha akafungua dirisha lote.

"Umebadilisha mashine?"

"Nimebadilisha chakula chake, Sista."

Leo kitambaa kimekauka. Duara liko upande wa kikoti, panapotakiwa. Mumewe anasuuza mdomo na kuuliza kwa nini bado anajisumbua, na kikoti kipo badala ya tepe.

"Wifi akija tena atamvika mjukuu," anasema Ngurumo.

Mjukuu huyo hajazaliwa. Binti yao mkubwa anatarajiwa kujifungua mwezi ujao, katika wodi ileile, kitanda kilicho jirani na dirisha lile. Ngurumo amepanga nyasi za upande huo azikate siku moja kabla, ziwe zimetulia.

Ana tumaini jingine, analolitaja kwa sauti ya chini akivaa miwani ya kazi. Daktari alimwambia pua inaweza kurudi polepole. Juzi, akimenya chungwa, kuna kitu kilipita, kidogo, kikaondoka.

"Nataka irudi kabla ya mtoto," anasema. "Watoto wangu wote niliwanusa utosini siku ya kwanza. Huyu nisimkose."

"Na isiporudi," fundi anaingilia, "tafadhali usimjaribu kwa kijiti na kitambaa."

Ngurumo anacheka mpaka anaegemea ukuta. Kisha anavuta kamba mara moja, mara mbili, na mashine inaunguruma. Hakuna moshi. Ng'ambo ya ukuta, watoto wanaacha uji.