Bunduki Isiyouliza

Odilo Mgaya alikuwa na kipaji kisicho cha kila mtu: alijua kumzika mtu bila kumchafua. Kijijini kwao, kando ya barabara itokayo Njombe kwenda Makambako, hakuna marehemu aliyeshushwa kaburini kabla Odilo hajasimama, akakohoa kidogo, akaeleza wasifu wake kuanzia ubatizo hadi pumzi ya mwisho. Karatasi hakushika. Sauti alikuwa nayo, nzito, ya kuwafikia hata wale wanaume wanaosimama nyuma karibu na uzio ili waondoke mapema.

Umaarufu wake hasa ulikuwa kwenye sehemu ile ngumu, sababu ya kifo. Mlevi aliyetumbukia mtaroni akitoka kilabuni, kwa Odilo "aliteleza akirejea kwa familia yake". Mzee aliyekufa na njaa huku wanawe wakijenga nyumba za maana mjini "aliugua kwa muda mrefu, akiuguzwa na watoto wake". Mpasua mbao aliyeangukiwa na gogo kwa sababu tajiri alikataa kununua kamba mpya "alipatwa na ajali kazini". Akimaliza husema kazi ya Mungu haina makosa, na watu wote huitikia, na wenye makosa huitikia kwa sauti kuliko wengine. Walimpenda sana. Aliitwa mpaka Mjimwema, mpaka Matamba kule Makete, akirudi nyumbani na kuku wa shukrani kwapani.

Yeye mwenyewe pia hakuwahi kukosea. Alipokuwa mgambo sokoni, akizimwaga chini nyanya za akina mama, alikuwa anatekeleza amri kutoka juu. Alipokuwa mwenyekiti wa kamati ya maji na bomba likakauka, mvua ndizo zilizokuwa chache. Alipomsahau mwanawe stendi ya Makambako, dereva ndiye aliyeondoa gari mapema. Mkewe, Prisila, aliwahi kuwaambia wanawake wenzake wa jumuiya kwamba ameolewa na mtu asiye na hatia miaka yote hii, na kwamba inachosha.

Basi kampuni moja ya maparachichi iliyonunua bonde zima chini ya kijiji ikamwona mtu huyu, ikampenda, ikamfanya msimamizi wa shamba. Ilimpa koti lenye nembo na pikipiki. Kilichobaki kuisumbua kampuni ni wezi. Walinzi wa rungu walikuwa wanalala, au wanakula na wezi, au ndio wezi wenyewe, na kila msimu magunia yalikuwa yanatembea yenyewe mpaka sokoni.

Dawa ya wezi ikaja juu ya lori. Ilikuwa mtambo wa chuma wenye magurudumu manne, kamera juu ya shingo ndefu, na chini ya shingo bunduki ya marisau. Kibali chake kilitoka wapi, kijiji hakikuambiwa. Mtaalamu aliyeuleta, kijana aitwaye Brayson, aliwakusanya wachumaji akawaeleza kwamba mlinzi huyu halewi, halali, hana ndugu, hamwonei mtu haya wala hasira. Mzee Alois, aliyekuwa mchumaji mkongwe kuliko wote, akauliza kama ana huruma. Brayson akafikiri, akajibu kwamba huruma inaweza kuongezwa baadaye kampuni ikiilipia. Hakuwa anatania.

Wachumaji wakaubatiza mtambo jina la Mkwe, kwa sababu ukiuona unainamisha kichwa na kupitia mbali. Brayson akawatoa hofu: kila mfanyakazi atapewa vesti ya njano inayong'aa, na mtambo umefundishwa kwamba mwenye vesti ni wa nyumbani. Siku hiyo ilikuwa Machi na jua lilikuwa zuri. Odilo akavaa vesti akapita mbele ya Mkwe taratibu, kifua mbele, akageuka akapita tena. Shingo ya chuma ikamfuata kwa heshima. Watu wakapiga makofi, na yeye akapokea makofi hayo kana kwamba mtambo ameuzaa yeye.

Kulikuwa na sharti moja zaidi. Kabla ya kufyatua, mtambo ulipaswa kumuuliza mtu, na mtu huyo alikuwa Odilo. Swali lilikuja kwenye simu yake kwa sauti ya mwanamke mwenye Kiswahili cha redioni: "Kiumbe kisichotambulika kimeonekana. Je, nifyatue?" Odilo alijibu ndiyo au hapana, basi.

Mwanzoni alilifurahia swali hilo kuliko mshahara. Alikuwa anaacha simu iite mbele ya watu dukani, anainyanyua polepole, anasema kwa huzuni kubwa, "Hapana. Msamehe." Aliwasamehe kima wengi sana kipindi kile. Alimsamehe mbuzi wa katekista, na akamsamehe mama mmoja aliyekuwa amechuchumaa kwenye matete kwa shughuli zake. Mtu hajawahi kuwa na huruma nyingi hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Lakini huruma ya kuulizwa kila saa ina uchovu wake. Mwezi wa Mei alikuwa Mjimwema akimsindikiza mwalimu mstaafu, mwanamume ambaye kila mtu pale alijua amekufa kwa gongo. Odilo alikuwa amefika kwenye sababu ya kifo, kimya kimetanda, anatafuta neno la kumfunika marehemu vizuri, ndipo mfuko wake ukasema kwa sauti ya kike, "Je, nifyatue?" Wafiwa wakainua nyuso. Padre akamtazama. Odilo akabonyeza hapana, simu ikarudia, akabonyeza tena, ikarudia tena, maana kima wale walikuwa ukoo mzima. Kuku siku hiyo hakupewa.

Alifika nyumbani amefura. Prisila alikuwa jikoni anasonga ugali, Odilo akakaa palepale kwenye kigoda akampigia Brayson, ambaye alisikika akitafuna kitu huko Dar es Salaam. Alitaka swali liondolewe.

"Mzee, nikiliondoa, itaamua yenyewe," Brayson alisema.

"Si ndiyo akili mliyokuja kutusifia?"

"Itaamua kila kitu, Mzee. Hata ukiwa umelala."

"Iamue. Mimi sitaki kuulizwa tena."

Ilifanyika hapohapo, kutoka Dar es Salaam, kwa mkono wenye mafuta ya chipsi. Odilo akala ugali wake kwa raha. Prisila alisikia kila neno.

Kisha ikaingia Juni. Anayeijua Njombe anajua Juni yetu: ukungu unashuka bondeni asubuhi na kukataa kuondoka, na majani yanaamka yameota barafu. Hakuna mtu huku anayetoka nje bila koti, na makoti yetu ni yale mazito ya mitumba ya Makambako, yanayofika magotini. Vesti za kampuni nazo zilishonwa kwa vipimo vya watu wa joto. Juu ya koti la Makambako hazikupanda. Kwa hiyo wachumaji wote, watu watiifu, walivaa vesti kama walivyoagizwa, kisha wakavaa koti juu yake. Hakuna aliyeona ajabu. Odilo mwenyewe alivaa hivyohivyo, ila kule kwenye miti hakuwa anafika. Alisimamia kutoka ofisini, kwenye jiko la mkaa.

Miongoni mwa wachumaji alikuwamo Hilario, kaka yake Prisila. Huyu ndiye aliyemwozesha Odilo. Wazee wa ukoo walipokataa, wakisema kijana huyu ana maneno mengi, Hilario aliwajibu wamwache, angalau nyumbani kwa dada yake hakutakuwa kimya. Alikuwa mtu wa utani, mgema mzuri wa ulanzi, pombe ya mianzi, masika yakifika, mwenye mkewe Asteria na watoto ambao wote walicheka kama yeye.

Asubuhi ya kwanza ya baridi hiyo Odilo alikuwa Matamba kwenye msiba wa watu. Hilario alishuka bondeni akiwatangulia wenzake, koti lake la kijani limefungwa vifungo vyote, begani mti wa kuchumia, ule mrefu wenye mfuko na kisu nchani. Mkwe akageuza shingo. Kwenye ukungu aliona mtu asiye na vesti, amebeba kitu kirefu begani. Alikuwa amefundishwa maana ya kitu kirefu begani na watu ambao hawajawahi kuchuma parachichi. Hakuuliza.

Hilario hakufa papo hapo. Wenzake walitaka kumkimbilia, shingo ya chuma ikawageukia. Mzee Alois ndiye aliyeelewa. Alifungua koti lake taratibu, akalitupa chini, akasimama na vesti yake ya njano kwenye baridi ile, mikono juu. Wengine wakafanya vilevile. Wakaenda kwa hatua ndogondogo, watu wazima wanatetemeka, wakimwonyesha bunduki vifua vyao, mpaka wakamfikia. Walipomfungua koti waliikuta vesti, safi kabisa upande wa mgongoni. Alikuwa ameshakata roho.

Kampuni ilifanya haraka. Ilituma mchele, sukari na mtu mwenye suti, aliyeeleza kwamba mtambo ulifanya kazi kama ulivyopangwa, na kwamba marehemu alikiuka utaratibu wa mavazi. Kisha akamvuta Odilo pembeni, akamkumbusha kwamba yeye ni msimamizi na pia ni msemaji wa misiba, na kwamba maneno "ajali kazini" ni maneno mazuri. Odilo alikubaliana naye. Nisimsingizie: alilia alipofika kutoka Matamba, alilia kweli. Lakini katikati ya kilio alikuwa amekwisha kuona nafuu. Maishani alikuwa amezilaumu mvua, madereva na amri za juu, ila hakuwahi kupata mshitakiwa mwema kama huyu wa chuma, asiye na ndugu wa kununa wala mdomo wa kukana.

Siku ya maziko, kabla jeneza halijatolewa, Prisila alimkuta nyuma ya nyumba akijisafisha koo.

"Utasema nini?" alimuuliza.

Odilo akasema atasema ilivyo, mtambo ulikosea.

"Nilikuwa nasonga ugali ulipopiga ile simu. Ukisema mtambo, mimi nitanyamaza, sitakuaibisha mbele za watu. Ila nyumbani kwako sitarudi." Akajifunga khanga vizuri akaenda kukaa mkekani na Asteria.

Odilo akasimama kaburini. Alianza vizuri, kwa sababu mazoea yana miguu yake. Alieleza ubatizo, shule, ndoa, utani wa Hilario, na watu wakacheka kwa machozi. Akafika pale. Mtu mwenye suti alikuwa mstari wa mbele, ameinamisha kichwa vizuri. Odilo akasema, "Asubuhi ile alipatwa na," kisha sauti ile nzito ikagoma. Akakohoa. Akaanza upya, mara hii kwa sauti ndogo ambayo watu hawakuijua.

"Mtambo ulikuwa unaniuliza. Kila mara uliniuliza. Mimi nilichoka kuulizwa, nikaagiza usiniulize tena. Aliyemuua Hilario ni mimi."

Wale wa nyuma karibu na uzio, waliokuwa hawasikii vizuri, walidhani amefika mwisho, wakaitikia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kisha wakanong'onezwa walichokiitikia. Katekista akaanzisha wimbo haraka, udongo ukarudishwa. Jioni Prisila alirudi nyumbani na mumewe, akitangulia mbele.

Mnadhani hapo mtu huyu aliadhibiwa. Hata. Alipanda gari mpaka Njombe mjini, akaingia polisi kwa miguu yake, akasema ameua. Askari wa zamu akamuuliza alikuwa wapi wakati huo, akasema Matamba, akizika. Akaulizwa kama alishika bunduki, akasema hajaishika hata siku moja. Askari alimwonea huruma, akamwambia uchungu wa msiba unasumbua kichwa, aende akapumzike; bunduki iliyofyatua wanayo, wameifunga kwa mnyororo. Kampuni nayo ilimwandikia kwamba hana kosa lolote, wala mtu yeyote hana, na ikamwomba aache kuuharibia mtambo jina. Ikaagiza mtambo mwingine, na vesti kubwa zaidi. Brayson aliposhika simu alisema yeye alitii ombi la mteja. Padre alimwondolea dhambi, lakini akaongeza kwamba hakukusudia. Mtu aliyetumia miaka yote kukwepa lawama sasa alizunguka nayo mlango kwa mlango, na kila mlango ulimrudishia kwa upole.

Mwisho akaenda kwa Asteria. Ilikuwa mchana, mama huyo amekaa uani anapukuchua mahindi. Odilo akasimama mbali, kofia mkononi.

"Kamwene, shemeji," alisema.

"Kamwene."

"Kila ninakokwenda wananiambia siyo mimi."

Asteria alimalizia hindi lililokuwa mkononi, akaweka gunzi pembeni, akamtazama usoni.

"Ni wewe, shemeji," alisema. "Kaa."

Akamsogezea kigoda. Odilo akakaa, akachukua hindi kutoka kwenye rundo, akaanza kupukuchua huku machozi yanamdondoka kwenye ungo, na Asteria hakumwambia anyamaze.