Cheti cha Binti wa Wifi Yangu

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili asije mtu akalitafutia mwenyewe mwingine, kama nilivyofanya mimi siku ile tangu asubuhi hadi jioni.

Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu ni tamu mdomoni. Anapewa jina la mtu. Binti wa kwanza wa kaka yangu lazima aitwe mama yetu, kwa kuwa ndiye aliyemzaa baba yake. Na mimi, kwa kuwa sikuolewa, wanangu hufuata upande wetu moja kwa moja, kwa hiyo binti yangu wa kwanza naye ni mama yetu. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Ukoo mmoja unaweza kuwa na wasichana sita wa jina moja na kila mmoja akajua sahani yake ni ipi.

Shida ni kwamba mimi na mke wa kaka yangu tulijifungua tukipishana wiki tatu. Yeye alitangulia. Akampa mwanawe jina la mama la nyumbani, akaongeza na la ubatizo la mama huyo huyo, na la tatu likawa la marehemu baba yetu. Wangu alipozaliwa, wifi alikuja hospitalini na chupa ya uji, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniambia kwa upole, "Huyu mpatie jina ya mama ya nyumbani, lakini ya kanisa umtafutie ingine. Hawa watoto watakuja kuchanganywa."

Nilikuwa na maumivu ya kushonwa, juu yake hasira zangu za kila siku, ambazo mama husema zilizaliwa kwanza mimi nikazifuata. Nikamjibu kwamba mama ni wangu, yeye ameolewa tu, na kama kuna wa kutafuta jina lingine, atafute yeye; wangu nikampa majina yale yale matatu. Wifi alifunga chupa yake ya uji akaenda. Hatukugombana tena, lakini pia hatukuongea tena kwa miaka mitano. Tulisalimiana kwa sababu mama alikuwa anatutazama.

Mimi napanga nyumba Lanet, kando ya mji wa Nakuru. Kuna msimu mvua iliingia ndani ikalowesha kila kitu mpaka godoro, na tangu hapo karatasi zangu za maana zinakaa Kabazi kwa mama, ndani ya briefkesi nyeusi ya baba, pamoja na za kaka na mkewe, waliojenga kwenye boma hilo hilo. Rafiki yangu wa chuo alipotualika harusini kwake Arusha, nilipanda Kabazi mbio mbio kuchukua vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Sikuwa nimewahi kuvuka mpaka wowote maishani, na nilitaka wanangu wauvuke wakiwa bado wanabebwa. Binti alikuwa na miaka mitano, mdogo wake wa kiume mwaka mmoja na nusu.

Mama alikuwa zizini anakamua. Nikafungua briefkesi mwenyewe, nikakuta cheti chenye majina yote matatu ya binti yangu, nikakitia mkobani pamoja na cha mdogo wake. Mstari wa jina la mama mzazi sikuufikia. Nani husoma jina la mama wa mtoto aliyemzaa mwenyewe?

Kwenda tulivuka salama. Binti yangu alikuwa anamchekea kila mtu, jina kwenye cheti lilikuwa sawa na jina nililolitaja, tukaandikiwa pasi za muda tukapita. Harusi ilifana. Watoto walikula ndizi za nyama mpaka matumbo yakawa ngoma, na binti yangu akashikana urafiki na paka mdogo wa jirani wa bibi harusi, wakawa wanalala kitanda kimoja. Siku ya kurudi, ili nimtoe mlangoni bila vita, nilimdanganya kwamba paka anakuja na basi la nyuma.

Tulifika mpakani saa mbili asubuhi. Jengo ni moja, na maafisa wa nchi zote mbili wanakaa humo humo: dirisha la kwanza Mtanzania anakutoa, la pili Mkenya anakupokea. Nilikuwa naiona nchi yangu hatua sita mbele. Binti yangu naye alikuwa ametazama mlangoni muda mrefu, basi la nyuma limekuja, abiria wameshuka wote, na paka hakuwemo. Akaelewa. Akajitupa sakafuni akapiga ukelele uliogeuza vichwa vya foleni nzima: "Sitaki kwenda na wewe! Nirudishe! Sitaki kwenda na wewe!"

Afisa wa dirisha la kwanza alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani na sauti ya taratibu. "Pole na safari, dada. Mtoto analilia nini?"

"Paka," nikasema.

"Paka?"

"Ako na kichwa ngumu, boss. Tupigie tu muhuri twende, basi inangoja."

Hakupiga muhuri. Alisoma cheti kutoka juu hadi chini, kama kinavyopaswa kusomwa, kisha akasoma kitambulisho changu, kisha akarudi kwenye cheti. "Samahani, dada. Mama wa mtoto huyu, kwa mujibu wa cheti, siye wewe."

Akakigeuza nikione. Jina la wifi yangu lilikuwa pale, limepigwa chapa kwa herufi kubwa.

Nilianza kumweleza habari za majina yetu, haraka na kwa fujo, na kila nilivyoeleza nilisikika kama mtu anayetunga. Alininyamazisha kwa mkono, akazunguka dirisha, akachuchumaa mbele ya binti yangu. "Mwanangu, huyu ni mama yako?"

"Hapana," akasema, makamasi yakimtiririka. "Mimi ndio mama yake."

Na hiyo ndiyo kweli ya nyumbani kwetu. Aliyebeba jina la mama yangu ni mama yangu. Tangu siku ya kwanza namwita mama, na yeye huniita mtoto wangu, akiniamuru nimalize chakula na kunifokea nikichelewa kazini. Jirani zangu Lanet hucheka mpaka wakashika mbavu. Mpakani hakucheka mtu. Mwanamke mmoja kwenye foleni alimvuta mwanawe karibu na sketi yake.

Basi nikafanya lile ninalolijua. Nikapiga dirisha la watu kwa kiganja, nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa mama husomewa haya na wajukuu. Afisa alingoja niishiwe pumzi, akaniomba namba ya simu ya huyo mwenye jina kwenye cheti. Akampigia, simu ikiwa wazi tusikie sote.

"Mama, mwanao yuko wapi saa hizi?"

"Ako hapa jikoni anakunywa chai," sauti ya wifi ikasema. "Kwani kuna nini?"

Afisa akaniangalia. Cheti kinasema mtoto ni wa yule; yule anasema wake yuko jikoni; huyu anayelia sakafuni, basi, ni wa nani? Nilimwambia cha binti yangu kimebaki Kabazi, lakini picha yake kwa simu hakuitaka, maana picha hutengenezwa. Alitaka cheti chenyewe, na akataka aliyeandikwa mama kwenye hiki cha kwanza aje kwa miguu yake. Mpaka hapo mtoto angekaa na afisa wa ustawi wa jamii. Ikifika jioni bila cheti, angelala kwenye nyumba ya watoto upande ule wa Tanzania, na uchunguzi uanze.

"Huyu mdogo karatasi zake ni safi," akaongeza, akimwonyesha aliye mgongoni kwangu. "Unaweza kuendelea naye."

Wanasema damu ni nzito kuliko maji, lakini dirishani pale hapakuwa na mizani ya kuipima. Niliichukua simu. Kaka yangu alikuwa kazini mbali, mama magoti hayamruhusu, na nilijua siku hiyo wifi ana vibarua shambani wanachimba viazi. Sikujua nianzie wapi. Miaka mitano sikuwa nimemwomba hata chumvi.

"Nimesikia yote," akasema. "Kaa hapo. Usitukane mtu mwingine. Nakuja."

Kutoka Kabazi ni kushuka hadi Nakuru, kisha Nairobi, kisha mpakani: siku nzima barabarani. Binti yangu alichukuliwa na dada mmoja kijana wa ustawi wa jamii, wakaingia chumba cha pembeni. Nilimsikia akilia, na sasa hakuwa analilia paka, alikuwa ananiita mimi. Nilisimama nje ya mlango ule nikiwa na uoga ambao sijawahi kuwa nao, hata nilipokuwa najifungua. Niliwaza kwamba atalala na wageni akiamini nimemwacha kama nilivyomwacha paka.

Mama mmoja Mmasai aliyekuwa akiuza shanga nje aliingia, akanitazama, akanivuta mkono. "Mathe, keti. Ukisimama hivyo utaonekana mwizi kweli." Nepi zilikuwa zimeisha, akanipa kitambaa cha shuka yake ya zamani nikamfunga mdogo, akaenda zake kabla sijashukuru vizuri.

Mchana afisa alikuja na sahani mbili za wali na maharage. Moja aliingiza chumbani kwa binti yangu, nyingine akaniwekea mapajani. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kumchukia, na wali ule ulinivuruga. Nikamuuliza kwa ukali kama kweli ananiona mimi mwizi wa watoto.

"Sijui, dada," akasema. "Mwaka juzi alipita hapa mama mmoja, mpole, karatasi zote safi, mtoto ametulia. Nikampigia muhuri. Baadaye mama mwenyewe wa mtoto akaja kunitafuta." Alivua miwani akaifuta. "Wewe angalau mwanao anakupigia kelele. Kula."

Nilikula. Niliona aibu, tena ile ya kweli. Mtu huyu nilikuwa nimemtukana kwa sababu alikuwa anamlinda mtoto wangu, hata kama alikuwa anamlinda dhidi yangu.

Saa kumi na moja jioni ilikuwa bado kidogo wifi alipoingia. Alikuwa na udongo wa shamba kwenye viatu na leso imefungwa upande upande, mkono mmoja amebeba briefkesi nzima ya baba, kwa kuogopa kuchagua karatasi vibaya kama mimi, na mkono mwingine amemshika binti yake. Alinipita akaenda dirishani.

"Shikamoo, mzee," akasema, maneno ambayo sijui alijifunza wapi. Akatoa kitambulisho chake, akatoa cheti cha binti yangu, akavilaza ubavuni mwa kile cha kwanza. Afisa alisoma majina matatu, akasoma tena majina matatu, akasoma jina langu kwenye kimoja na la wifi kwenye kingine. Akageuka akaita jina hilo kwa sauti ukumbini.

"Eeh?" akasema mmoja pale dirishani.

"Eeh?" akasema mwingine kutoka chumba cha pembeni, na mlango ukafunguka.

Hapo afisa alicheka mpaka akaketi. Binti yangu alinijia mbio na kichwa chake kikanigonga tumboni, nami nikamshika kwa nguvu mpaka akalalamika. Muhuri ulipigwa. Nilimwomba afisa radhi, akasema yamekwisha, ila safari ijayo nisome mistari yote. Dirisha la pili halikuchukua hata dakika tano.

Upande wetu kuna hoteli ndogo inayouza chai na chapati. Wasichana wawili walikula wakipigana miguu chini ya meza, mdogo akasinzia juu ya mapaja ya wifi. Wifi alikuwa bado hajanipa ile hotuba ya asiyesikia la mkuu, na mimi nilikuwa naingoja kama mtu anayengoja sindano. Haikuja. Nikamuuliza kwa nini amemchosha mtoto wake safari yote ile, wakati cheti peke yake kingetosha.

"Sikujua kama kitatosha," akasema, akikata chapati. "Niliwaza nikiwa kwa gari. Nikasema wakikataa kukupea mtoto na hii ya pili, nitawaambia nilidanganya kwa simu. Cheti wanayo imeandikwa mimi, kitambulisho ni yangu. Ningesema huyo mnashikilia ni wangu, nimemzaa mimi, nipeni."

"Na huyu wako?"

"Huyu angekuwa wako, uliyeniachia nyumbani, mpaka tuvuke. Si hiyo cheti ingine iko na jina yako?"

Alilisema kama anayeniambia viazi vilitoka magunia mangapi. Sijui kama ingefaulu, na afisa yule hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Lakini nilimwona akilini, barabarani saa zote hizo na briefkesi mapajani, akipanga namna ya kuniazima mtoto wake ili nipate wangu. Mimi hata jina moja tu nilikataa kumwachia. Nililia pale mezani bila kujificha, nikamwomba msamaha mbele ya watoto wote watatu, na wifi akamhamishia mdogo begani ili apate mkono wa kunishika.