Mzizi wa Dhafra Niliouacha Chini

Siku ya kwanza kazini, mtaa wa Al Khuwair, nilikwenda na viatu vya ndani. Nilikuwa ndo nimemaliza sekondari, nimeambiwa kazi ya kuhifadhi mimea iliyokaushwa ni ya mezani, na mimi hata kwenda Matrah sokoni hutolewa nyumbani kwa kuvutwa. Mudiri, mkuu wetu wa afisi, akanitazama miguu, akanitia garini, akanipeleka wadi, bonde kavu la mawe.

Huko akanionesha dhafra, mmea wa porini: maua madogo ya zambarau, majani yenye malaika ya kijivu, vinyweleo laini. Akanambia nichane jani. Likachanika kama mkia wa samaki. Ndiyo alama yake. Nyengine ni mbuzi: wanakula hata katoni, lakini dhafra huipita.

Sheria yetu ilikuwa kuung'oa mmea na mzizi wake, kuukausha baina ya magazeti, kisha kuushona kwenye karatasi nene yenye kibandiko: jina, pahala, na kama ni wa msimu mmoja au wa miaka mingi. Mzizi ndio unaosema hilo. Ukizidi karatasi, unakunjwa. Haukatwi.

Akaja Mudiri wa pili, mpenda unadhifu. Mizizi ikimchafulia makabati.

"Kata, Bi Zuwena. Watu wanataka kuona maua."

Nikakata, na nikafurahi, kwani kuchimba dhafra juani ni adhabu. Mwisho nikawa nnavunja vijiti karibu na gari, narudi kwenye kiyoyozi. Na kwenye kibandiko, kwa kuwa mzizi sijauona, nikaandika: wa msimu mmoja.

Miaka ikapita. Wakaja watu wa bustani kusafisha kiwanja nyuma ya afisi, dhafra iliyoota hapo imebaki vijiti vikavu. Nikamkimbilia Mudiri, yeye huyohuyo wa pili, nikamwambia haijafa, imelala, mvua moja tu itachipua. Akafungua jalada la dhafra taratibu.

"Hapa pameandikwa wa msimu mmoja. Mwandiko wa nani huu, Bi Zuwena?"

Tingatinga likaingia. Kwenye udongo uliopinduliwa nikaiona mizizi, mirefu kuliko mkono wangu, ndani mibichi.

Nimestaafu, hasira zangu bado zinakwenda kazini. Nna hasira na aliyesema kata, na zaidi na huyu aliyekata kwa kuhurumia viatu vyake. Siku ya kuagwa, keki wameila wenyewe. Mimi nilikuwa stoo, nasahihisha vibandiko kimoja kimoja: wa miaka mingi, nilikosea, Zuwena.

Nyinyi mnaoanza, karatasi ikiwa fupi, gundisheni ya pili.