Koko Bado Hajafika Robot

Haya, nyinyi wa kwa benchi, sogeeni karibu. Na wewe uliye kwa kiti, tuliza kichwa, maana nikicheka mashine inakata sikio, na masikio mapya hatuuzi hapa. Kila siku mnaniuliza mtoto wa dada yangu aliingiaje shule ya physio, ile ya kufundisha miguu ya wagonjwa kutembea tena. Leo nawaambia. Asiyeamini ajinyoe mwenyewe.

Mimi shule sikusoma. Nilipita mbele yake siku moja, mvua ikanyesha, nikarudi. Lakini huyu mtoto, tangu dada yangu aniachie, anasoma mpaka karatasi ya sabuni. Sasa ile shule haitaki marks peke yake. Wanataka ueleze: ukitoka darasani, unafanya nini? Unacheza mpira? Unaongoza watu? Wanaoomba ni wengi kama mchanga, nafasi ni kidogo kama nyama kwa sahani ya mgeni aliyechelewa. Akikosa, anakuja hapa kufagia nywele na mimi, na ile kazi aliyoiota tangu mdogo imekwisha.

Sasa mtoto akajibu nini? Vitu viwili tu. Ya kwanza: niko kwa chorale ya kanisa, lakini siimbi, nakunja nyaya za micro za waimbaji. Ya pili: kila Jumamosi asubuhi natembeza koko yangu.

Koko ni mama yangu mzazi. Stroke ilimpiga upande wa kushoto, ikachukua mguu, ikachukua mkono, ikafika kwa mdomo ikaogopa, ikarudi. Tunakaa Sydenham, mtaa wa hapa mjini, na barabara yetu inapanda mlima, mlima kweli, ndege zikipita pale zinainama. Kule juu kwa kona iko robot, ile taa ya kusimamisha magari. Njo walijipangia hivi, yeye na mjukuu wake: iko siku koko atafika kwa miguu yake mpaka robot, aone taa inageuka kijani, halafu arudi nyumbani.

Mtoto aliponisomea vile alivyoandika, nikashika kichwa.

"Nyaya? Watu wanaandika wameongoza dunia, wewe unaandika nyaya?"

Wateja walikuwa wamejaa hapa kama leo. Mmoja, dereva wa lori za bandari, akasema, "Mtoto, andika judo. Mkanda mweusi. Nani atakuja kukupima?"

Mimi nikaongeza, "Andika uliogelea kutoka bandarini, ukaokoa baharia watatu."

"Tonton, mjomba wangu, kuogelea sijui."

"Kwani watakutupa kwa maji?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Tonton, mimi uongo unaonekana usoni. Wewe njo umezoea." Akatuma vilevile, nyaya na koko.

Bon. Wakamuita kwa interview. Na sisi watu wa Congo, mnatujua, mtoto haendi peke yake mbele ya wakubwa. Kama ni kuposa, famille inaenda. Kama ni hospitali, famille inaenda. Hatukumuuliza mtu. Tukashona kitambaa moja, ya kijani yenye samaki za njano, sisi wote sawa: mimi, mke wangu, mama wa chorale anayeongoza waimbaji na dada zake, na koko kwa kiti ya magurudumu, kilemba yake kubwa kama dishi ya televisheni. Tukajaza taxi nzima. Dereva, Mzulu, akatuuliza harusi iko wapi. Mtoto alikuwa nyuma, amefunika uso na mkoba.

Kufika kwa corridor, wenzake wamekaa kimya, kila mtu peke yake na simu yake. Askari wa mlango akatuangalia, akaangalia samaki, akasema, "Eish."

Mtoto akaingia. Tukangoja. Mama wa chorale akaanza kuomba kwa sauti, wakamnyamazisha. Halafu mlango ukafunguka, akatoka mwalimu mmoja, mama mzima mwenye miwani, mtoto nyuma yake. Akaniuliza kwa English, polepole, kama mtu anayevuka mto, "Baba, huyu njo bibi anayetembezwa?"

Mimi nikasimama. Mdomo yangu haikungoja. "Njo yeye, Doctor! Anamtembeza kila siku! Robot wamepita zamani, mtaa wa Berea wamepita, juzi walishuka mpaka bandarini, meli zikapiga honi!"

Uso wa mtoto ukawa majivu. Maana kule ndani alikuwa amesema ukweli: robot bado hawajafika. Wanaishia nusu ya mlima, kwa mama anayeuza amagwinya, yale maandazi ya huku, wanakula, wanarudi. Mwalimu akamwangalia yeye, akaniangalia mimi. Pale jasho ikanishuka mpaka kwa soksi. Uongo wangu mmoja unakula ukweli wake wote.

Koko English hajui. Lakini alisikia robot, akaona mikono yangu inapiga honi. Akagonga kiti yake.

"Huyu anasema nini? Bandari gani? Mimi robot yenyewe sijafika! Tunaishia kwa amagwinya! Tena Jumamosi iliyopita nilikataa kutembea, nikamtukana huyu mtoto, akanirudisha na kiti."

"Bibi amesema nini?" mwalimu akauliza.

Nikamkonyeza mtoto. Nilimkonyeza mpaka jicho ikaniuma wiki nzima. Wapi! Akatafsiri yote, na matusi ndani.

"Na akikataa, unafanya nini?"

"Nakaa na yeye, tunakula. Akichoka kukaa, anasimama mwenyewe."

Yule mama akacheka kidogo, akamgusa koko kwa bega, akarudi ndani na mtoto.

Wakamchukua, ndugu zangu. Siku habari ilipoingia kwa simu, nyumba ikajaa mpaka watu wanasimama kwa dirisha. Mimi nikapanda juu ya kiti na Fanta yangu. "Mnajua ni nani aliyemuingiza? Ni mimi! Nilisema English pale corridor mpaka vioo vikapasuka, madaktari elfu moja wakalia—"

Koko, amagwinya bado iko mdomoni, akapiga kelele:

"Msimsikilize! Huyu alianza kudanganya tangu ndani ya tumbo! Tumbo ilisema ni mapacha, nikashona nguo mbili-mbili, akatoka peke yake!"