Safari ya Novemba ya Mwalimu Kavindu

Kwa miaka ishirini na sita Mulei aliendesha lori kati ya Nairobi na Mombasa, na kila safari alipita mbele ya lango la mbuga ya Tsavo pale Mtito Andei bila kuingia. Hakuwa na nafasi. Mara mzigo unangojewa bandarini, mara chai inapoa hotelini ng'ambo ya barabara. Ndovu aliowahi kuwaona ni wale waliojitokeza wenyewe kuvuka lami, wekundu kwa udongo, naye akazima injini mpaka wapite.

Mkewe, Kavindu, alikuwa ameifundisha mbuga hiyo hiyo ubaoni kwa miaka thelathini na mmoja, katika shule ya msingi nje kidogo ya Kathonzweni. Aliwachorea watoto chemchemi ya Mzima kwa chaki ya buluu, akawaonyesha kwenye ramani jinsi maji yake yanavyosafiri kwa bomba hadi pwani. Mara mbili shule ilipanga kuwapeleka darasa la saba wakajionee, na mara zote mbili basi likakosekana. Alistaafu bila kuikanyaga Tsavo.

Halafu Mulei akapatwa na kiharusi. Kilimkuta juu ya lori akikaza kamba za turubai, kikampoozesha mguu na mkono wa kulia, kikamchukulia na sehemu kubwa ya maneno yake. Tangu hapo, miaka mitatu sasa, alishinda barazani kwenye kiti cha magurudumu. Kusema aliweza, ila polepole, neno moja halafu jingine, na kwa kuwa watu walikuwa na haraka ya kummalizia sentensi, aliona afadhali anyamaze.

Alasiri moja ya Septemba televisheni ilikuwa inaonyesha viboko wa Tsavo majini. Kavindu alikuwa ameketi sakafuni akipepeta ndengu za mbegu.

"Sijawahi... ingia," Mulei akasema.

"Wapi?"

"Hapo. Mtito."

Kavindu akaweka ungo chini. Aliitazama ile picha, kisha akamtazama mumewe, ambaye hakuwa ameomba chochote kwa muda mrefu, si chakula, si nguo.

"Utaingia," akasema.

Ndivyo alivyokuwa Kavindu. Aliamua kwanza, njia akaitafuta baadaye.

Njia yenyewe haikuwa rahisi. Alipiga simu hoteli mbili za mbugani. Moja vyumba vyake vilipandwa kwa ngazi, nyingine ilisema itaulizia na haikumpigia tena. Hema la kulala chini halikufaa, kwa sababu Mulei akilala chini hainuki bila watu wawili. Alihitaji kitanda cha kimo cha goti, mlango unaopitisha kiti cha magurudumu, na mahali pa kujisaidia karibu na kitanda. Zaidi ya yote alihitaji faragha. Mulei alikuwa mwanamume wa kujisitiri, na asubuhi yake, kwa kuoshwa na kuvishwa, ilichukua saa nzima. Kavindu hakutaka wageni waliokuja kustarehe wamgeuze mumewe kitu cha kuangalia.

Wazo la trela lilimjia sokoni siku ya soko. Nyuma ya kibanda cha Mbaluka, fundi wa kuchomelea, kulikuwa na trela kuukuu iliyowahi kubeba tangi la maji. Tangi lilishaondolewa. Kilichobaki ni fremu, ekseli na magurudumu mawili, na majani yalikuwa yameanza kuota katikati.

"Mwalimu, hii ni ya kubeba maji," Mbaluka akamwambia alipoulizwa. "Unataka kubeba nini?"

"Mzee wangu. Nataka chumba juu yake. Paa la mabati, kuta za plaiwudi, kitanda upande mmoja. Na nyuma ubao wa kuteremsha, kiti kipande chenyewe."

Mbaluka akajikuna shingo. "Sijawahi kutengeneza nyumba ya kuvutwa."

"Na mimi sijawahi kuivuta. Chukua futi tupime."

Kazi ilichukua wiki tatu. Kila alasiri Kavindu alifika na daftari lake, akapima tena kile Mbaluka alichokuwa amepima. Mlango ulipotoka mwembamba kwa inchi mbili, ulikatwa upya.

Aliyekataa ni Mulei mwenyewe. Trela ilipofika nyumbani ikivutwa na pikapu ya Mbaluka, aliiangalia kwa muda mrefu kutoka barazani, akatikisa kichwa.

"Mimi... si mzigo."

 Kavindu alitaka kumjibu, lakini alijua kubishana kungemchosha mumewe na kumwacha na hasira asiyoweza kuitamka. Alichukua ufunguo wa pikapu yao, akaifunga trela nyuma yake, akaanza kujifunza.

Kwenda mbele hakukuwa na shida. Kurudi nyuma ndiko kulikomshinda. Akikata usukani kulia, trela inaenda kushoto. Akiharakisha kuirekebisha, inajikunja kama mguu wa panzi. Siku ya kwanza alivunja ua wa kuku. Siku ya pili aliuangusha mpapai uliokuwa na matunda. Majirani walisimama kwenye ua wakitazama, na hakuna aliyecheka waziwazi kwa sababu wengi wao aliwafundisha kusoma.

Siku ya tatu, akiwa amekwama kwa mara ya nne mbele ya ghala, alisikia mtu akigonga. Mulei alikuwa akipiga mkono wa kiti chake kwa kiganja cha kushoto.

"Chini," akasema.

"Nini chini?"

"Mkono. Shika... chini."

Kavindu akaushika usukani sehemu ya chini. Mulei akainua mkono wake mzima, akausogeza polepole kushoto, hewani, kana kwamba ameushika usukani yeye. Kavindu akafuata. Trela ikaenda kushoto. Mkono wa Mulei ukarudi kulia, trela ikarudi kulia, na baada ya dakika chache ilikuwa imeingia kati ya ghala na tangi la maji bila kugusa chochote.

Kesho yake asubuhi, hata kabla ya uji, Mulei alikuwa ameshageuza kiti chake kuelekea mahali pikapu iliposimama. Kavindu hakumuuliza kama amebadili nia. Alimsukuma hadi uwanjani, wakaendelea.

Kuhusu wakati wa kwenda, Kavindu hakuwa na shaka. Agosti na Desemba kambi hujaa magari na muziki. Novemba mvua zikishika, watalii hupotea. Shida ni kwamba Novemba hiyo hiyo Ukambani kila mtu yuko shambani, na mwenye kuondoka wakati huo huonekana hana akili timamu. Akina mama wa kanisa walimkalisha baada ya ibada.

"Mama Kalekye, watu wanalima, wewe unaenda kutembea?" mmoja akamuuliza, akimwita kwa jina la binti yake. "Na mgonjwa?"

"Nimepanda kabla ya mvua," Kavindu akajibu. "Ndengu zikishaota, kuna siku kumi kabla ya palizi. Hizo siku ni zetu."

Alipiga simu langoni Mtito Andei. Aliyepokea alijitambulisha kama askari wa wanyamapori aitwaye Nzomo.

"Mama, Novemba kuna mvua," Nzomo akamwambia. "Watu hawaji."

"Ndiyo maana nakuja."

Akamuuliza kambi gani iko bondeni na gani iko juu ya changarawe, barabara gani hukwamisha gari, na choo cha kambini kina mlango wa upana gani. Hilo la mwisho Nzomo hakulijua. Alikata simu, na kabla ya saa moja kwisha akapiga mwenyewe: alikuwa amekwenda na futi kupima. Kiti kingepita. Kavindu akaandika kwenye daftari, akapigia mstari chini yake.

Wiki moja kabla ya safari aliamua wafanye jaribio. Walilala kwenye trela siku mbili mfululizo, pale pale uani, hatua ishirini kutoka kitandani kwao. Alikataa kuingia nyumbani hata kuchukua chumvi aliyoisahau, kwa sababu mbugani hakungekuwa na nyumba ya kukimbilia. Siku ya pili mvua ilinyesha kwa nguvu, na maji yakapenya kwenye kiungo cha mabati, yakadondoka juu ya blanketi la Mulei. Kulipokucha, blanketi limeanikwa kambani na Kavindu yuko juu ya kigoda akichunguza paa, binti yao aliingia uani.

Kalekye alikuwa muuguzi katika mji wa Wote. Habari alikuwa amezipata kwa watu.

"Mum, unamlaza Dad kwenye trela ya maji?"

"Tunafanya mtihani," Kavindu akasema bila kushuka. "Tumefeli paa. Mengine tumepita."

"Hii si mchezo. Presha ikipanda huko utafanya nini? Hospitali iko wapi?"

Kavindu akashuka, akampa daftari. Ndani yake mlikuwa na saa za dawa, hospitali za njiani na muda wa kufika kila moja, namba ya Nzomo, sehemu ambazo simu hushika na zisizoshika. Kalekye alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa imeshuka.

"Na nani atakusaidia kumwinua?"

"Nani amenisaidia miaka hii mitatu?"

Kalekye aliinamisha kichwa. Kavindu akaona kwamba amemuumiza, na kwamba binti yake hakuja kwa ukali bali kwa hofu. Akamshika bega.

"Mwanangu, pale barazani anaishi salama kabisa. Lakini umemwona akitaka kitu?"

Kalekye akamwendea baba yake, akachuchumaa mbele ya kiti. "Dad, wewe mwenyewe unataka kwenda?"

Mulei akafungua mdomo. Maneno yalichelewa, na safari hii wote wawili walingoja, hakuna aliyemsaidia.

"Paa... litengenezwe... kwanza."

Kalekye akacheka huku akijifuta macho. Kabla ya kurudi kazini alipima presha ya baba yake, akamfundisha mama yake kuipima vizuri zaidi, akamwachia kile kipimo.

Waliondoka Jumanne, kumekucha. Waliteremka hadi Makindu, wakashika barabara ya Mombasa, pikapu ikienda mwendo wa pole na malori yakiwapita. Mulei aliketi mbele akiwa amefungwa mkanda, na kila lori lilipokaribia kutoka nyuma aliinua vidole vya mkono wa kushoto kumwonya mkewe kabla yeye hajaliona kwenye kioo. Langoni Nzomo alitoka kuwapokea. Alikuwa kijana zaidi ya sauti yake. Aliizunguka trela mara mbili, akaugusa ule ubao wa nyuma, akauliza fundi ni nani.

Kambini hapakuwa na mtu. Mvua ilianza saa tisa, wakaisikiliza ikigonga mabati, Kavindu akiwa ameyakodolea macho yale maungio. Halikudondoka tone. Aliwasha jiko la gesi, akapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, aliokuja nao ukiwa umechemshwa, wakala mlango ukiwa wazi, mbele yao nyasi na miti hadi macho yanapokoma.

Wanyama, kwa kweli, walikuwa wachache. Nyasi zilikuwa ndefu, na maji yalikuwa yametapakaa kila mahali, hivyo hakuna mnyama aliyelazimika kuja karibu na barabara. Siku nzima ya Jumatano waliona digidigi, pundamilia watatu na kobe mmoja aliyekuwa akivuka njia. Kavindu alikuwa amepanga kila kitu ila hili.

"Pole," akamwambia Mulei jioni. "Nilidhani tutaona zaidi."

Mulei alikuwa ameegemea mto, akitazama nje. "Kobe," akasema, na ikaonekana hakuwa analalamika.

Alhamisi waliiacha trela kambini wakaenda Mzima. Njia ya kushuka chemchemini ilikuwa imelowa, na magurudumu madogo ya kiti yakazama mchangani hatua chache tu kutoka kwenye gari. Nzomo, aliyewasindikiza, alimwita mwenzake. Kavindu aliogopa Mulei asije akakataa kubebwa mbele ya watu, akatafuta la kusema. Mulei akamtangulia. Aliutoa mkono wake wa kushoto, akauzungusha shingoni mwa Nzomo, akaashiria kwa kichwa kwamba wanyanyue.

Wakamweka ukingoni, chini ya mitende. Maji yalikuwa meupe kiasi kwamba samaki walionekana kama wananing'inia hewani. Upande wa pili viboko saba walikuwa wamejilaza, masikio nje, na mmoja alipozama walimwona akitembea chini kabisa, vumbi la mchanga likiinuka nyuma ya miguu yake. Kavindu alisimama na mkono mdomoni. Ile chaki yake ya buluu haikuwa imekaribia hata kidogo.

Saa moja ikapita. Nzomo akasema kwa upole kwamba wageni kawaida hukaa dakika ishirini. Mawingu yakakusanyika na manyunyu yakaanza. Kavindu akamfunika Mulei koti la mvua, akasubiri aonyeshe kwamba yuko tayari kuondoka. Hakuonyesha. Kavindu alizoea kimya chake cha barazani, kile cha mtu aliyefungiwa ndani. Hiki hakikuwa hicho. Akaketi kwenye gogo lililolowa kando ya kiti, akaacha kuangalia saa.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kurudi. Tangu alfajiri Kavindu alikuwa amekunja matandiko, amefunga mtungi wa gesi na kupima upepo wa magurudumu. Alipokuja kumvisha viatu, Mulei aliurudisha nyuma mguu wake wa kushoto.

"Kesho," akasema.

Kavindu alifikiria dawa. Zilitosha siku mbili zaidi. Maji yalikuwepo. Akakunjua tena matandiko. Saa sita alipanda kwenye kile kilima kidogo ambako simu hushika, akampigia Kalekye.

"Mko njiani?" Kalekye akauliza.

"Hatujatoka."

"Kuna nini? Dad ako sawa?"

"Yuko sawa. Presha imeshuka kuliko ya juzi, nimeiandika." Kavindu akageuka kutazama kambi. Mulei alikuwa ameketi mlangoni mwa trela, ameipa barabara mgongo. "Ni yeye amesema tukae. Amesema kesho."