Nyumba Niliyokatazwa Kuhama

Mguu wangu ulivunjika mara ya pili kwenye kona ya ngazi, na niliusikia. Wanaume wanne walikuwa wamenibeba ndani ya blanketi, kwa sababu machela haikati kona ile. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia haikati. Nimebeba machela miaka mingi, najua. Aliyeshika upande wa miguu alikanyaga maji, mtu alikuwa amepiga deki, akaniachia. Mke wangu alikuwa ametangulia na viatu vyangu mkononi. Aligeuka, akasema "Ya Allah," basi.

Mguu huo sasa haupo. Walikata chini ya goti.

Nilikuwa dereva wa gari la wagonjwa hapa Garissa. Shule niliachia darasa la nne, mbuzi wa baba walikuwa hawana mchungaji. Mto Tana ukifurika, sisi ndio tulioitwa. Nimetoa wazee kwenye vyumba vya chini maji yakiwa kifuani, magodoro yanaelea. Kwa hiyo nilipotafuta nyumba nilisema nataka juu kabisa. Mwenye nyumba alinicheka. "Wenzako wanataka chini, wewe unataka kukaa na kunguru?" Tukakubaliana mwaka mzima, kodi yote ikatangulia. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akasimama mdhamini mbele ya wazee, tukasoma Fatiha. Hakuna aliyeuliza: na huyu akiumia kazini?

Mwaka haujafika nusu, tairi lilipasuka tukitoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Yeye na mtoto walipona, alhamdulillahi. Mimi chuma kilinibana mguu, ukavunjika. Tairi lile nilikuwa nimemlalamikia mkubwa wangu, ofisa wa magari, mpaka akaniambia nina mdomo kama mama mkwe.

Daktari alinifunga vyuma, akasema, "Mfupa huu ukiunga utatembea. Lakini ngazi usizione. Hama, tafuta nyumba ya chini." Na kila wiki nilitakiwa hospitali kusafishwa kidonda. Sasa nishuke vipi, na nipande vipi?

Mke wangu alimwendea mwenye nyumba dukani kwake. Akamwomba atuachilie, aturudishie kodi ya miezi iliyobaki tupange kwingine.

"Walaal, dada yangu, tulisoma Fatiha. Mwaka ni mwaka."

"Basi tupe kile chumba chako cha chini, cha stoo."

"Na mchele wangu upande ngazi? Mchele una miguu?"

Wateja walicheka. Mke wangu alinisimulia hayo huku akinipakulia chakula, hakulia.

Baadaye mwenye nyumba akatuambia tulete mpangaji wa kushika nafasi yetu. Tukamletea mwalimu kutoka Mwingi. Akamkataa, eti hajui atapika nini ndani ya nyumba yake. Tukamletea muuguzi kijana. Akamkataa, hana mke. Mwisho akanipigia simu, akasema, "Mkubwa wako aje mwenyewe, aseme mbele yangu kwamba uliumia kazini. Hapo nitafikiria."

Nilimpigia ofisa wa magari. "Nikija huko nitaulizwa habari ya tairi," akasema. "Kazi ni yetu sote, lakini nyumba ni mambo yako binafsi."

Akabaki shemeji. Mdhamini akisema neno, mwenye nyumba husikiliza, ndiyo desturi. Lakini shemeji huchukua mchele kwa mkopo kwenye duka lile lile. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akaangalia simu yake. "Seeddi, shemeji yangu, vumilia. Usinivunjie jina."

Nikavumilia. Nikawa nashushwa na kupandishwa kila wiki kama gunia, mpaka ile kona.

Nilipokatwa, mwenye nyumba alikuja wodini na maziwa ya ngamia. Aliweka mkono kifuani, akasema ni qadar ya Mungu, na sasa anatupa ruhusa tuhame. Qadar naiamini. Lakini si Mungu aliyejaza magunia kile chumba.

Watu huniambia nisamehe, nyumba ni biashara. Sawa. Lakini simu ilipolia, mimi sikumwambia mgonjwa asubiri mwaka uishe. Anayefanya kazi ya kuokoa watu, akiumia au akihamishwa ghafla kwenda mbali kama Elwak, aruhusiwe kurudisha ufunguo aende zake. Kama sheria hiyo ipo, kwa nini hakuna aliyeniambia? Kama haipo, waliopewa kazi ya kutunga sheria wanafanya nini?

Sitaki pole tena, wala maziwa. Nataka watu watatu wakalishwe mkeka mmoja, mchana, watu wakiona: mwenye nyumba, shemeji yangu na ofisa wa magari. Kila mmoja ajibu kwa kinywa chake kwa nini alinizuia kushuka. Aanze ofisa.